Kutoka hai chini ya udongo hakutoshi: damu ndiyo inasema kama mchimbaji ataokoka

Katika migodi ya mashariki mwa DRC, mtu anaweza kutolewa hai chini ya udongo, kisha akafa siku mbili au tatu baadaye, bila kidonda kikubwa wala mfupa uliovunjika. Waganga wanajua sababu. Vipimo vichache vya damu na mkojo vinaweza kuionyesha mapema, lakini vinasaidia tu kama mgonjwa alipewa maji kwa wakati.

Kuna kifo ambacho wachimbaji wa Kivu na Ituri wanakijua vizuri, hata kama hawajui jina lake. Shimo linaporomoka asubuhi. Wenzake wanachimba kwa beleshi na kwa mikono mpaka jioni. Mtu anatoka amejaa udongo, anasema, anaomba maji, anauliza kama rafiki yake naye ametoka. Watu wanapiga vigelegele. Miguu inamuuma na imeanza kuvimba, lakini hakuna damu inayotoka. Wanampa dawa ya maumivu, wanamlaza nyumbani. Siku ya pili hakojoi, ama anakojoa kidogo sana, mkojo wa rangi ya chai nyeusi. Siku ya tatu habari inazunguka kwamba amekufa.

Hapo maneno yanaanza. Wengine wanasema amepewa karuho. Wengine wanasema mgodi umedai deni lake. Lakini waganga wanaita jambo hilo ugonjwa wa kupondwa misuli, na kwa jina la kitaalamu rabdomiolizi. Waokoaji wa inchi zingine wanakiita kifo cha tabasamu, kwa sababu mtu anatolewa akicheka na kushukuru, kisha moyo unasimama.

Si jambo la mbali kwa wakaaji wa mashariki. Tarehe 11 Septemba 2020 mashimo ya dhahabu yaliporomoka Kamituga, katika eneo la Mwenga, kiisha mvua kali, na viongozi wa jimbo la Kivu ya Kusini walisema watu wapatao 50 wamekufa. Mwezi wa 3 mwaka 2023, katika jimbo hilo hilo, video ya wachimbaji 9 wakitoka mmoja mmoja katika kilima kilichoporomoka ilizunguka dunia nzima. Dunia ilishangilia pale walipotoka. Kwa munganga, kazi inaanza pale pale.

Na si migodi peke yake. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilibomoa nyumba Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda. Kuna malori yanayopinduka yakiwa yamebeba watu juu ya mizigo. Kuna kuta za matofali zinazoanguka wakati wa mvua. Kuna pia mtu aliyepigwa fimbo na umati, ama aliyefungwa kamba usiku kucha: misuli yake imepondwa sawa na ya yule aliyefukiwa na udongo.

Kile misuli inaachilia

Misuli ni karibu asilimia 40 ya uzito wa mwili wa mwanadamu. Ndani ya seli zake kuna vitu ambavyo havina ubaya vikikaa mahali pake: potasiumu, fosfati, protini nyekundu inayoitwa myoglobini, na kemikali zinazosaidia misuli kupata nguvu. Wakati jiwe ama udongo unakandamiza paja kwa masaa mengi, damu haipiti na ngozi ya kila seli inapasuka. Kwa kawaida inahitaji masaa 4 mpaka 6, lakini imeonekana hata kiisha lisaa 1 kama uzito ni mkubwa.

Mgonjwa akiwa bado amekandamizwa, sumu hiyo inabaki sehemu kubwa katika mguu. Siku jiwe linaondolewa, damu inarudi katika mguu na kubeba vyote kwa mara moja. Potasiumu inaenda kwenye moyo. Myoglobini inaenda kwenye figo. Tena maji ya mwili yanakimbilia katika misuli iliyoumia, ndiyo maana mguu unavimba na presha inashuka. Figo zinabaki na kazi kubwa ya kusafisha, huku zikikosa maji ya kuifanyia.

Waganga walielewa jambo hili vizuri wakati wa vita ya pili ya dunia. Mwaka 1941, mjini London, munganga Eric Bywaters na mwenzake Desmond Beall waliandika habari za wagonjwa 4 waliofukiwa na vifusi vya nyumba zilizopigwa na mabomu. Walitolewa wakiwa hai, kisha figo zao zikasimama. Bywaters na wenzake walionyesha kwamba rangi nyeusi katika mkojo wa watu kama hao si damu. Ni myoglobini iliyotoka katika misuli.

CPK: namba kubwa ya kwanza

Kipimo ambacho waganga wanakitafuta kwanza ni kreatini kinazi, ile ambayo laboratwari za Congo zinaandika CPK. Ni kemikali inayokaa ndani ya misuli. Ikionekana nyingi katika damu, maana yake seli za misuli zimepasuka.

Kwa mtu mwenye afya, CPK mara nyingi iko chini ya uniti 200 kwa lita. Ikipita mara 5 ya kipimo cha kawaida, yaani karibu 1 000, waganga wanasema kuna rabdomiolizi. Ikipita 5 000, hatari ya figo kusimama inapanda, na mgonjwa hapaswi kurudishwa nyumbani. Kwa waliofukiwa kweli kweli, inaweza kufika makumi ya maelfu, hata kupita 100 000.

Lakini namba hiyo inaweza kudanganya yule asiyeangalia saa. CPK inaanza kupanda kati ya masaa 2 na 12 kiisha kuumia, inafika juu kabisa kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha inashuka karibu nusu kila siku moja ama mbili. Tuseme kijana ametolewa saa kumi ya jioni, akapimwa saa kumi na moja, na CPK ikawa 900. Muuguzi anaweza kufikiri kwamba hakuna shida. Kesho asubuhi inaweza kuwa 40 000. Ndiyo sababu kipimo kimoja hakitoshi, kinapaswa kurudiwa kila masaa 6 mpaka 12 siku za kwanza.

Kushuka nako kuna maana. Kama siku ya nne namba haijashuka, ama imepanda tena, misuli bado inaendelea kufa. Mara nyingi ni kwa sababu mguu umevimba ndani ya ngozi yake mpaka damu haipiti tena. Hapo inafaa mpasuaji aangalie mgonjwa upesi.

Kuna jambo lingine kwa watu wa kazi ngumu. Mtu anayebeba mifuko ya mawe kila siku anaweza kuwa na CPK ya 300 ama 500 bila ugonjwa wowote, na watu wenye asili ya Afrika kwa kawaida wana CPK ya juu kidogo kuliko watu wa Ulaya. Kwa hiyo, 400 kwa mchimbaji si ya kuogopesha. Inayoogopesha ni namba inayopanda.

Potasiumu: ile inayoua mapema

CPK inapima ukubwa wa uharibifu, lakini yenyewe haiui. Inayoua katika masaa ya kwanza ni potasiumu. Kipimo chake cha kawaida ni kati ya 3,5 na 5 milimoli kwa lita. Ikipita 6,5, moyo unaweza kusimama wakati wowote, hata kama figo bado zinafanya kazi.

Inapimwa katika ionogramu, kipimo ambacho vituo vingi vya afya vya vijijini havina. Na pale damu inatumwa mjini, kuna mtego. Chupa ya damu ikibebwa na motari juu ya barabara ya mashimo, ikitikisika masaa mengi, chembe nyekundu zinapasuka ndani ya chupa na kuachilia potasiumu yao. Laboratwari inasoma 7 wakati mgonjwa ana 5. Dawa yake ni kutenganisha maji ya damu na chembe zake mapema, mbele ya safari, na kuandika saa damu ilipotolewa.

Pale hakuna ionogramu, mashine ya kupima mapigo ya moyo inaweza kusaidia. Potasiumu ikiwa juu, mawimbi fulani ya moyo yanakuwa marefu na yenye ncha kama hema. Munganga akiyaona kwa mtu aliyefukiwa, hangoji karatasi ya laboratwari. Anampa gliukonati ya kalisiumu ya kulinda moyo, kisha insulini pamoja na sukari ya kurudisha potasiumu ndani ya seli.

Kreatinini, na namba zinazopotosha

Kreatinini na urea zinaonyesha namna figo zinavyofanya kazi. Siku ya kwanza zinaweza kuwa karibu na kawaida. Kama zinapanda siku ya pili na ya tatu, figo zinasimama. Hapa pia ni mwendo wa namba unaoangaliwa, si namba moja.

Kalisiumu inashuka siku za kwanza kwa sababu inaingia katika misuli iliyokufa. Munganga haipandishi kwa dawa bila sababu ya moyo ama ya mishtuko ya mwili, kwani kalisiumu ile ile itarudi katika damu siku za mbele na inaweza kupita kiasi.

Transaminazi, zile TGO na TGP ambazo watu wengi wanajua kama vipimo vya ini, nazo zinapanda, zaidi TGO, kwa sababu iko pia katika misuli. Mgonjwa anaweza kuandikiwa ugonjwa wa ini ambao hana. TGO ikiwa juu pamoja na CPK iliyo juu sana, huku bilirubini ikiwa ya kawaida, ni misuli inayosema.

Kama laboratwari haina CPK

Katika vituo vingi karibu na mashimo hakuna CPK wala ionogramu. Kuna darubini, kuna kikaratasi cha kupimia mkojo, na kuna macho ya muuguzi. Hivyo vitatu vinaweza kufanya kazi kubwa.

Kikaratasi kile kina mraba unaobadilika rangi kama kuna damu katika mkojo. Hakitofautishi damu na myoglobini. Lakini kama kinaonyesha damu nyingi, na darubini haioni chembe nyekundu, ama inaona chache tu, basi kwa mtu aliyefukiwa inapaswa kufikiriwa kwamba ni myoglobini.

Shida ni kwamba katika inchi yetu mkojo mweusi unaleta kwanza wazo la malaria kali. Kuna njia rahisi ya kutofautisha. Chukua damu katika chupa, uiache itulie ama uipitishe katika mashine ya kuzungusha, kisha angalia maji yanayobaki juu. Kama ni malaria iliyopasua chembe za damu, maji hayo yanakuwa mekundu. Kama ni misuli, yanabaki na rangi yake ya kawaida ya njano, kwa sababu myoglobini ni ndogo na inapita katika figo upesi.

Upesi huo ndio unafanya myoglobini isiwe kipimo cha kutegemewa peke yake. Inapanda mbele ya CPK, lakini inaweza kuisha katika damu ndani ya masaa machache. Mkojo uliopimwa siku ya pili bila kuonyesha kitu hauondoi ugonjwa.

Na kuna kipimo ambacho hakihitaji umeme: kiasi cha mkojo. Sonda na mfuko wenye alama za mililita, pamoja na kalamu ya kuandika kila lisaa, vinasema habari za figo mapema kuliko kreatinini.

Maji mbele ya jiwe

Vipimo vyote hivi vinafuatilia ugonjwa. Kinachouzuia ni maji, na saa yake ni mapema kuliko watu wengi wanavyofikiri: mgonjwa angali chini ya udongo, mara tu mkono mmoja umeonekana.

Mwaka 1982, mjini Tyre inchini Lebanon, jengo liliporomoka. Watu 7 waliopondwa misuli waliwekewa serumu pale pale kwenye vifusi, na hakuna hata mmoja ambaye figo zake zilisimama. Miaka sita baadaye, Desemba 1988, tetemeko la Armenia liliacha mamia ya wagonjwa wa figo, na mashine za dializi hazikutosha. Kiisha msiba huo, waganga wa figo wa inchi mbalimbali walianzisha kikosi cha kusaidia wakati wa majanga. Tarehe 17 Agosti 1999, tetemeko la Marmara inchini Uturuki lilileta wagonjwa 639 wenye shida za figo, na 477 kati yao walihitaji dializi. Mwaka 2003, kiisha tetemeko lingine huko Bingöl, waganga wa Uturuki walianza serumu mapema na kwa wingi. Kati ya wagonjwa 16 waliofuatiliwa, 4 tu walihitaji dializi.

Muongozo uliotokana na mafunzo hayo ni rahisi kuusema. Kwa mtu mzima, serumu ya chumvi ya kawaida, lita 1 kwa lisaa wakati wa kumtoa. Kwa mtoto, mililita 15 mpaka 20 kwa kila kilo kwa lisaa. Kama kumtoa kunapita masaa 2, kiasi hicho kinapunguzwa kwa nusu. Kiisha hapo, mkojo ndio unaongoza. Kama anakojoa vizuri, maji yanaendelea. Kama hakojoi hata kidogo, maji yanapunguzwa, sababu yanaweza kujaa katika mapafu. Pale hakuna mtu wa kumwangalia kwa karibu, lita 3 mpaka 6 kwa siku ndiyo kiasi kinachoshauriwa.

Serumu ya Ringer, ambayo iko katika karibu kila kituo, haishauriwi hapa, kwa sababu ina potasiumu ndani yake. Ni serumu nzuri kwa wagonjwa wengi, lakini si kwa huyu.

Makosa yanayofanywa kwa moyo mwema

Sindano ya diklofenaki ndiyo ya kwanza kutolewa kwa mtu mwenye maumivu. Pamoja na ibuprofeni, inapunguza damu inayoingia katika figo, na kwa mgonjwa huyu inaweza kuwa ndiyo inayomaliza figo. Gentamisini, inayotolewa kwa kuogopa vidonda vya udongo, nayo inaumiza figo. Kuna parasetamoli na dawa kali za maumivu kama tramadoli ambazo munganga anaweza kuchagua kwa uangalifu, na kuna antibiotiki zingine.

Nyumbani, jamaa wanakanda mguu kwa maji ya moto ili uvimbe ushuke. Kukanda kunasukuma sumu zaidi katika damu. Dawa za kienyeji za kunywa ama za kupitisha nyuma zinaongezea figo mzigo mwingine. Na kupasua mguu ili kuachilia uvimbe ni kazi ya mpasuaji peke yake. Ukipasuliwa bila sababu ya kweli, kidonda kinaoza, na wengi wanapoteza mguu ama maisha.

Safari ya kwenda kwenye mashine

Hata maji yakianza mapema, kuna wagonjwa ambao figo zao zitasimama. Hao wanahitaji dializi, na mashine hizo ni chache, ziko katika miji mikubwa. Kutoka Kamituga mpaka Bukavu, kutoka vilima vya Masisi mpaka Goma, mvua inaweza kufanya safari ya siku moja iwe ya siku mbili, bila kuhesabu vizuizi vya watu wenye silaha. Gari lingine linangoja jamaa wachange mafalanga kwanza.

Ndiyo maana vipimo vya mapema vina faida kubwa zaidi kijijini kuliko mjini. Munganga wa mjini anaweza kungoja siku moja aone. Yule wa kituo cha karibu na mashimo anapaswa kuamua siku ya kwanza nani abaki na nani aondoke. Mkojo mweusi, mkojo unaopungua, mguu mgumu kama ubao, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida: alama moja kati ya hizo inatosha kuanza safari, serumu ikiwa mkononi.

Na kuna habari njema ambayo jamaa wengi hawaisikii. Figo zilizosimama kwa sababu ya kupondwa misuli hazikufa. Kwa wengi wanaovuka wiki za kwanza, zinaanza tena kufanya kazi na mgonjwa anaachana na mashine. Mchango wa jamaa kwa dializi ya mtu kama huyo ni wa wiki chache, si wa maisha yote.

Kwa wale wanaochimba na wale wanaomiliki mashimo, ambao kule Kamituga wanaitwa PDG, maandalizi hayagharimu sana. Chupa kadhaa za serumu ya chumvi, sindano za kuiwekea na mtu mmoja aliyefundishwa, karibu na mashimo. Na kipande cha karatasi, ama kalamu ya kuandika juu ya mkono wa mgonjwa: saa alipofukiwa, saa alipotoka, mara ya mwisho alipokojoa na rangi ya mkojo wake, serumu ngapi amepewa. Bila maandishi hayo, munganga wa mjini atasoma CPK ya 900 bila kujua kama inapanda ama inashuka.